Nilisema Wanapima

Kazi yangu ilikuwa kuandika namba, na hadi leo sijui vizuri nilikuwa naandika nini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani kwetu kwenye vilima nyuma ya Msambweni, nikigombana na mama juu ya kila kitu, ndipo wakaja watu wa kutafuta madini. Walitaka mtu mwenye mwandiko mzuri anayejua lugha ya wenyeji. Ilikuwa baada ya zile mvua za El Nino, barabara ya kwetu ikiwa haitamaniki.

Walivuta kamba iliyonyooka katikati ya mashamba ya watu, wakapigilia kigingi kila baada ya hatua mia, nami nikaandika namba juu yake kwa wino mweusi. Kisha wanaume wawili walizungusha keekee ndefu ya chuma hadi ikazama ardhini, na mchanga uliotoka ukatiwa mifukoni. Mkubwa wao alikuwa mzungu mrefu aliyemwamkia shikamoo kila aliyekutana naye, hata watoto wa chekechea. Alitia mchanga kidogo kwenye sinia, akaongeza maji, akalitikisa. Mchanga mwepesi ulimwagika, ukabaki mstari mweusi, naye akatabasamu. Nilipouliza, alisema ule mweusi ni mzito, na huo mzito ndio wanaoutafuta. Kwetu ukipepeta mchele, kizito kinachobaki kwenye ungo ni mawe, na mawe hutupwa. Nikaendelea kuandika namba zangu, nisije nikaonekana mshamba.

Siku kamba ilipofika kwetu, mama alikuwa anapalilia mihogo. Mzungu alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba huku akijizuia kucheka. Kisha mzungu akaniambia nimweleze mama wanafanya nini. Jambo jepesi, nami nikababaika. Lile neno la kuchunguza lilikataa kabisa kuja.

"Mama, wanapima ardhi," nikasema.

Jembe likamponyoka mkononi.

Mtu wa kwetu akisikia ardhi inapimwa haulizi mara mbili. Babu alizaliwa pale, baba akazikwa pale, lakini karatasi ya shamba hatukuwa nayo. Tangu nipate akili nilikuwa nikisikia kwamba wapimaji watakuja, na hati zitatoka.

"Alhamdulillahi," mama alisema. "Laiti baba yako angekuwepo akaona." Akaagiza wageni waangushiwe madafu.

Ningemsahihisha pale pale, lakini jinsi alivyofurahi! Na kusema kweli nilianza kujishuku mwenyewe. Kamba ipo, vigingi vipo, ramani ya mzungu ipo. Huenda kweli walikuwa wanapima, ila mimi ndiye sikuelewa.

Asubuhi ya pili tulikuta kigingi cha shambani kwetu kimehama. Jana kilikuwa upande wetu wa mkorosho ambao mama na jirani waliugombania miaka yote. Sasa kilikuwa upande wa pili, na mkorosho wote umeingia kwetu. Mama alikuwa anafagia uwanja kwa bidii, hataki kunitazama. Nilijua, na sikusema. Shimo likachimbwa alipotaka yeye, mzungu akatikisa sinia lake, akatangaza kwamba mchanga wa hapo ni mzuri kupita wote. Sikujua ni mzuri kwa nani. Mama yeye aliuliza hati itatoka lini. Nikamwambia mchanga unapelekwa maabara kwanza.

"Maabara? Kwani ardhi inaumwa?"

"Sijui, mama!" nikamfokea. Na kweli sikujua.

Wageni wakaenda zao, wakaacha vigingi. Miezi kadhaa baadaye chifu akaitisha baraza. Afisa mmoja kutoka wilayani alitueleza kwamba huenda vilima vyetu vikachimbwa na sisi tukahamishwa, kwa hiyo kila mtu alete kitu cha kuthibitisha kwamba shamba analolima ni lake. Hapo nikaelewa nusu ya kazi niliyoifanya, na nusu hiyo ilinitosha.

Siku iliyopangwa, wenzetu walileta vitambulisho, wengine barua zilizochakaa. Mama alileta kitu kirefu kilichofungwa kwa leso. Alikifungua mbele ya afisa, taratibu, kama anafungua Msahafu. Kilikuwa kile kigingi, kimefutwa udongo, kimepakwa mafuta ya nazi kisioze.

Afisa alikigeuza huku na huku, akaisoma namba kwa sauti. Watu wakaanza kucheka, jirani yetu mbele yao. Mama hakucheka.

"Haya maandishi ni ya nani?" afisa akauliza.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mama, natamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akanishika mkono, akanivuta mbele ya watu wote.

"Ni ya binti yangu huyu," alisema kwa fahari. "Yeye ndiye aliyenipimia."