Tromboni ya Yeon-du na Pazia la Watahini

Miezi mitatu. Profesa aliyekuwa akigawa nafasi za chuo kikuu kama mtu anayegawa pipi alisimamishwa kazi miezi mitatu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya likizo. Aliyemfichua hakupewa nafasi yake mpaka leo. Anaitwa Tak Yeon-du. Nilikuwa mwalimu wake wa darasa mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Gunsan, na nitayasimulia yalivyokuwa pamoja na sehemu yangu, ambayo si ya kujivunia.

Mama yake, Bi Mo Gyeong-suk, anapika tambi za chaza nyuma ya soko la samaki. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Yeon-du alianza tromboni shule ya kati kwa sababu bandi ya shule ilikuwa na tromboni moja isiyo na mwenyewe, naye alikuwa na mikono mirefu kuliko wenzake wote. Mwalimu wa bandi alimwambia, "Wewe unafika mwisho wa bomba la kuvuta, chukua." Akachukua, wala hakuiweka chini tena.

Mwezi wa nne wa mwaka ule wa mwisho niliwaita wote wawili, yeye na mama yake, tupange chuo. Mimi nafundisha jiografia, muziki siujui, ila majedwali ya nafasi za vyuo nilikuwa nayo mezani. Nilikuwa nimeamua tangu asubuhi kumkatisha tamaa kwa upole.

"Yeon-du, tuambiane ukweli. Okestra moja inachukua tromboni ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Na aliyeajiriwa anatoka lini?"

"Akifa."

Mama yake akampiga kofi la begani. "Mtoto huyu! Mjibu Mwalimu vizuri."

"Nimemjibu vizuri, Mama. Ndivyo ilivyo." Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ndiyo maana sitaki okestra. Nimepiga simu shule za kati ishirini na sita za mkoa wetu. Kumi na moja zina bandi. Nane kati ya hizo zinafundishwa na mwalimu wa piano ambaye hajawahi kupuliza hata filimbi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kazi ipo, Mwalimu. Watu ndio hawapo."

Karatasi ile ilikuwa na mpango mzima. Angesoma shahada ya upigaji wa ala katika chuo kikuu kimoja cha mji mkuu wa mkoa, mahali ambapo wanafunzi wachache bora huruhusiwa kuchukua na masomo ya ualimu. Baada ya hapo mtihani wa serikali wa walimu, halafu bandi. Na ikishindikana, alikuwa ameshaongea na fundi wa kukarabati ala kule Iksan, aliyekubali kumfundisha. Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Nimeona watoto wa madaktari wakija na wazazi wenye tai, na hakuna aliyekuja na mpango uliosimama kama ule.

Nikarudisha majedwali yangu kwenye droo ya meza.

Mwalimu wake wa tromboni alikuwa Bwana Do Gi-hun, mtu mwema, mwoga kidogo. Chuo kile ndicho alichosoma, na aliyemfundisha ni Profesa Myeong, mkuu wa ala za kupuliza. Mwezi wa nane Bwana Do alimpeleka Yeon-du akasikilizwe. Profesa alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sauti unayo," akasema. "Basi uwe unakuja nyumbani kwangu kila Jumapili mpaka siku ya mtihani."

Yeon-du akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeuliza njia, "Profesa, si sheria inawakataza maprofesa kufundisha nyumbani?"

Bwana Do aliniambia baadaye kwamba alitamani sakafu ipasuke immeze. Profesa alicheka. "Mwalimu Do, huyu uliyeniletea ni mpiga tromboni au wakili?"

Ndani ya treni ya kurudi, Bwana Do alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Umeniua, mtoto wewe."

Mtihani ulikuwa Januari. Mtahiniwa anabandikwa namba kifuani, haruhusiwi kusema neno, anapigia nyuma ya pazia ili watahini watano wasijue ni nani. Haki tupu, ukiitazama kwa mbali. Yeon-du alikuwa namba nane, kwa hiyo alisimama mlangoni wakati namba saba, msichana mwenye koti jeupe, akiingia.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Ukipuliza tromboni, pumzi hugeuka maji ndani ya bomba. Mpigaji hubonyeza kidude kilichopo chini, anapuliza, maji yanatoka: fffu. Namba saba alikuwa ameyatoa palepale mlangoni, kwenye kitambaa, Yeon-du akimwangalia. Akaingia. Na kabla hajapiga noti hata moja, nyuma ya pazia kukasikika: fffu, fffu. Kimya. Fffu.

Yeon-du hakuelewa papo hapo. Aliona ajabu tu, bomba lile ni kavu, anatoa nini? Namba saba akapiga, akateleza mara mbili kwenye noti za juu. Yeon-du akaingia, akapiga kama alivyokuwa amepiga miaka sita, akatoka. Akiwa chumba cha pili anafunga tromboni yake kwenye sanduku, akamsikia namba kumi na moja: fffu, fffu. Kimya. Fffu.

Hapo ndipo alipoelewa: ilikuwa ishara kwa watahini, na asiyeijua ndiye wa kuangushwa.

Namba saba alipita. Namba kumi na moja alipita. Yeon-du hakupita.

Aliomba alama zake, maana ni haki ya kila mtahiniwa. Akaniletea shuleni: tisini na nne, tisini na tatu, tisini na moja, hamsini na nane, hamsini na nane. Utaratibu ni kuondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kwa hiyo hamsini na nane moja inaondoka, ya pili inabaki na kukuchinja. Mmoja peke yake asingeweza kumwangusha. Walihitajika wawili, na walipatikana. Profesa Myeong na rafiki yake.

Na mimi nikamwambia nini? Niliyasema haya, na nayaandika kwa mkono wangu: "Yeon-du, dunia ya muziki ni ndogo. Ukiwagusa hawa hutapata pa kupigia. Nyamaza, ujaribu tena mwakani."

Alikunja karatasi ya alama. "Mwakani nipulize mara ngapi, Mwalimu?"

Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake ya kazini, alisema, "Twende, mwanangu. Tambi zinangoja." Hata kuniaga hakuniaga, mwanamke ambaye kila mwaka siku ya walimu aliniletea mtungi wa kimchi, kabichi ya kuchachusha yenye pilipili.

Waliandika malalamiko, mama akiyasema na mtoto akiyaandika. Jibu la chuo lilikuja baada ya siku tisa, nami nililisoma hadi nikalijua kwa moyo: "Kutoa maji ni sehemu ya kawaida ya upigaji wa tromboni, na idadi ya mipulizo haiongozwi na kanuni za chuo." Mtu mzima, msomi, alikaa kitini akaandika sentensi ile, akapiga mhuri mwekundu, akaenda kula chakula cha mchana.

Februari, baridi ya kukata masikio, Yeon-du alienda kusimama langoni mwa chuo kile peke yake. Sheria yetu inamruhusu mtu mmoja kusimama na bango pasipo kibali. Bango lilikuwa la boksi la tambi, ameandika kwa herufi kubwa: MAJI YA NAMBA SABA YALITOKA WAPI?

Ujanja wa bango lile ni kwamba hakuna aliyelielewa, hivyo kila mtu alisimama kuuliza. Naye alimweleza kila mmoja tangu mwanzo, kwa upole, kama mwalimu. Wengine walimcheka. Kijana mmoja wa mwaka wa pili alimwambia, "Dada, si ukubali tu kwamba hukujua kupiga?" Yeon-du akamwambia, "Lete tromboni." Kijana akaenda zake.

Siku ya tatu mama yake alikuja na chupa ya supu. Mlinzi wa lango akatoka kibandani.

"Mama, mkiwa wawili huo ni mkusanyiko. Unahitaji kibali cha polisi."

"Mjomba, mimi sijakusanyika. Nimeleta supu."

"Najua, Mama. Lakini nina wakubwa wangu. Simama ng'ambo basi."

Akavuka. Kuanzia siku ile Bi Mo alifunga mgahawa kila alasiri na kusimama ng'ambo ya barabara, akipiga kelele katikati ya mabasi: "Yeon-du! Funga skafu! Usiwasikilize hao! Umekula?" Mlinzi naye akaanza kupata bakuli lake la supu, akawa haoni tena nani amesimama wapi.

Siku ya nane Profesa Myeong alisimamisha gari, akateremsha kioo. "Binti, unajiharibia maisha. Nani atakupa kazi?"

"Shule nane hazina mtu, Profesa," Yeon-du akajibu.

Mimi niliiona picha yake kwenye simu ya mwalimu mwenzangu, chumba cha walimu, watu wakicheka lile bango la boksi. Pua yake ilikuwa nyekundu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, aibu ikanipanda kama homa. Kesho yake nilipanda basi.

"Nipe bango," nikamwambia.

"Mwalimu, mkuu wa shule atakuona."

"Ana macho, aone. Nenda ukale."

Nilisimama saa mbili. Bango la boksi ni jepesi, lakini mikono iliniuma siku tatu. Bi Mo aliniona kutoka ng'ambo. Kisha akavuka, akaniwekea bakuli miguuni, akarudi. Mtungi wa kimchi ulirejea siku ya walimu iliyofuata.

Siku ya kumi na mbili alitoka kijana wa mwaka wa nne mwenye sanduku la tromboni mgongoni, Pi Sang-u. Alipita, akarudi, akapita tena. Mwishowe akasimama mbele ya Yeon-du.

"Mwaka wangu ilikuwa kukohoa," akasema.

"Nini?"

"Kukohoa mara mbili, halafu kuburuta kiti. Mimi nilikohoa. Nina ujumbe wote wa Profesa kwenye simu, na wa zile Jumapili pia." Alikuwa akilia. "Nimechoka kukohoa usingizini."

Alitia sahihi maelezo yake. Hapo ndipo chuo kilipoacha kuongea habari za kanuni na mipulizo. Kamati ikaundwa, simu ikachunguzwa, wazazi wakahojiwa. Na baada ya yote hayo, Profesa Myeong miezi mitatu, rafiki yake barua ya onyo. Namba saba na namba kumi na moja waliendelea na masomo, eti haikuthibitika kwamba walijua maana ya mipulizo yao wenyewe! Yeon-du aliandikiwa kwamba nafasi zimejaa, anakaribishwa kujaribu mwakani, katika idara ileile. Pi Sang-u alihitimu, na hakuna bandi wala okestra mkoani iliyompokea. Siku hizi anauza bima Daejeon. Nilimpigia simu mwaka jana nikamuuliza kama anapiga bado. Akasema sanduku halijafunguliwa.

Niambie basi, nani aliadhibiwa?

Yeon-du alikaa mwaka mzima, asubuhi kwenye mgahawa, mchana kwa yule fundi wa Iksan akijifunza kunyoosha mabomba yaliyopinda. Mwaka uliofuata aliingia idara ya elimu ya muziki katika chuo kidogo cha kusini, ambako mwalimu wa tromboni alikuja mara mbili tu kwa mwezi. Mtihani wa serikali wa walimu alishindwa mara ya kwanza, akashindwa mara ya pili, akafaulu ya tatu. Alipopata jibu alinipigia akiwa jikoni kwa mama yake, sikusikia neno kwa kelele za masufuria na Bi Mo akipiga vigelegele.

Sasa ana miaka ishirini na tisa, anafundisha shule ya kati ya pwani, wilaya ya Goheung. Bandi ina watoto kumi na tisa, na ala zilizoharibika anazitengeneza mwenyewe. Nilimtembelea vuli iliyopita, wiki ileile ambayo Profesa Myeong alistaafu kwa tamasha la heshima na mashada ya maua yaliyopangwa kutoka mlangoni hadi barabarani. Nilimuuliza kama moyo wake umetulia.

"Haujatulia, Mwalimu," akasema. "Wala sitaki utulie."

Tulipokuwa tukiongea, mama wa mwanafunzi wake mmoja wa zamani alipiga simu. Mwanawe anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo, na mwalimu wake wa klarineti amemwambia kuna profesa mmoja anayepokea watu nyumbani siku za Jumapili, je, ampeleke?

Yeon-du alivuta karatasi ya noti iliyokuwa karibu, akaigeuza upande mweupe.

"Mama, usimpeleke popote," alisema. "Kwanza nitajie jina lake. Pole pole, naandika."