Safari ya Kwenda Kuulizia Jiwe la Angani

Kwa siku tisa nzima, mimi Swaibu, mwenye cheti cha shule ya jioni kilichotiwa fremu, niliamini kwamba jiwe lenye ukubwa wa Kampala yote na nusu ya Entebbe lilikuwa linashuka kutoka angani kuja kuangukia Kisenyi, na kwamba lilikuwa linavutwa na vyuma vya gereji zetu.

Usinicheke kabla hujaona tunavyofanya kazi. Kila jioni, kabla ya kufunga gereji, mmoja wetu huchukua sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba, akaiburuta vumbini uwanja mzima. Nati na bolti zote zilizopotea mchana huruka zenyewe kutoka mchangani na kuishika: tak, tak, tak. Mtu aliyeona nati ikiruka kila jioni kwa miaka kumi na minne hapati shida kuamini kwamba na jiwe linaweza kuruka kutoka mbinguni. Redio ilikuwa imesema tu kwamba wanafunzi wa shule moja, kilimani huko mbele ya Nakawa, wameona jiwe linalotembea angani. Kesho yake sauti ya mtu tusiyemjua ikaingia kwenye simu zetu, ikasema kwamba hakuna mahali Afrika hii penye vyuma vingi kama Kisenyi, na jiwe limeshageuza njia. Nakiri kwamba mwanzoni tuliona fahari kidogo.

Fahari ikaisha mjomba wangu, Hajji Rajabu, mwenye gereji, alipotangaza kwamba Ijumaa baada ya swala tunahama wote kwenda Bombo kwa ndugu zetu. Injini zitaachwa. Watu ndio watakaokwenda.

Aliyeumia ni mke wake, Hajjati Zamu. Macho yake yaliingia ukungu zamani, siku hizi anaona mwanga na kivuli tu. Lakini pale uani petu, nyumba na gereji pamoja, hajawahi kushikwa mkono na mtu. Anajua hatua za kutoka jikoni hadi kisimani, na hatua za kutoka mezani hadi mlangoni.

"Hapa naona kwa masikio," alimwambia mumewe. "Kulia kuna mtu wa rejeta, kushoto mtu wa springi, mbele mchomeleaji. Nikisikia nyundo najua niko wapi. Ukinipeleka Bombo, ndiyo siku utakayokuwa umenipofusha."

Lakini Jumatano mjomba alikwenda kutafuta lori.

Alhamisi alfajiri Hajjati akaniita jikoni. "Swaibu, wewe si umesoma?"

"Nimesoma, Hajjati. Nilisoma mpaka taa ya darasa ikaungua."

"Na shule hiyo ya redioni si ndipo anapofundisha mwalimu wako sasa? Nenda. Umuulize swali moja tu, linakuja au haliji. Usiongeze la pili."

"Apige simu basi," nikasikia mchomeleaji akisema nje.

"Simu ndiyo iliyotuletea balaa hili," mjomba akamjibu. "Aende kwa miguu yake, aone kwa macho yake, arudi kabla lori halijaja."

Lori lilikuwa limeahidiwa kuja jioni hiyohiyo, tupakie, ili kesho baada ya swala tuondoke. Ndiyo maana nikasafiri.

Saa moja asubuhi, Kisenyi. Nilipotoka uani, kitu cha kwanza nilichokisikia ni kwamba hakuna kitu. Asubuhi Kisenyi huamka kwa nyundo elfu tatu, na mimi sizidishi sana. Siku hiyo wanaume walikuwa wamesimama mbele ya gereji zao, mikono mifukoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugonga chuma. Sumaku yetu ilikuwa imening'inia kwenye kamba yake mlangoni. Upepo haukuwepo. Ilikuwa inazunguka polepole, upande mmoja, ikasimama, ikazunguka upande wa pili. Nilijiambia kwamba ni kamba inayojikunjua. Nikapita mbali nayo.

Saa moja na nusu, barabara ya Jinja. Nilipata bodaboda ya mzee mmoja aliyekuwa mwanajeshi zamani, kofia ya chuma kichwani, Kiswahili chake kile cha kambini.

"Wewe natoka wapi?"

"Kisenyi, afande."

Akapunguza mwendo. "Iko na chuma mfukoni?"

"Spana moja tu. Namba kumi na saba."

Akasimamisha pikipiki kando ya barabara, karibu na ukuta wa ghala. "Mimi nabeba mtu. Chuma hapana beba. Weka kule."

"Afande, na kofia yako je? Na pikipiki yenyewe?"

"Hii chuma yangu najua. Ya Kisenyi hapana jua."

Ningecheka, ila yeye hakucheka. Nikaiweka spana juu ya ukuta, mahali pa wazi kabisa, nikaiaga kama mtu anayeaga mgonjwa, tukaondoka.

Saa mbili, Nakawa. Nyuma ya soko, kwenye jalala, wapo siku zote wale ndege wakubwa wenye vipara, kaloli, warefu kama makarani waliostaafu. Kwa kawaida wanagombania takataka. Asubuhi hiyo walikuwa wamesimama tu, labda sitini, labda mia, na wote walikuwa wametazama upande mmoja, upande nilikotoka. Mwanamke aliyekuwa anauza chapati pale kando aliona ninavyowatazama.

"Tangu jana wako hivyo, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Hata ukiwarushia kitu hawageuki."

Akarusha kipande cha chapati. Kikaanguka miguuni mwa kaloli wa karibu. Hakuinama.

Saa tatu na robo, kilimani. Nilipanda kwa miguu kama mjomba alivyotaka, mlima mkali kiasi kwamba mbuzi niliyemkuta njiani alikuwa amekaa kupumzika. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Madarasa matupu, viti juu ya meza, miguu ya viti juu. Mwisho wa korido mlango mmoja ulikuwa wazi kidogo, na ndani kulikuwa na giza na mlio mwembamba usiokatika.

"Ingia, Swaibu. Nimekutambua kwa viatu," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Mwalimu Akello, aliyenifundisha hesabu na sayansi jioni kwa miaka mitatu. Baba yake alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, yeye alikulia kambini, na Kiswahili chake kimenyooka kama gwaride. Mlio ulikuwa wa kompyuta. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa ili kioo kionekane vizuri.

"Bado unatia chumvi kila kitu?" akauliza.

"Nimepunguza, Mwalimu. Siku hizi natia kwa kijiko."

Akanipa soda, akaniandikia namba yake mpya ya simu kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa ile ya zamani ilipotea. Halafu akasema, "Najua kilichokuleta. Kaa, uone kabla ya kusikia."

Kwenye kioo kulikuwa na picha ya anga, lakini si anga unayoijua. Palikuwa peupe kama maziwa, na nyota zilikuwa madoa meusi, mamia kwa mamia. Akanieleza kwamba rangi zimegeuzwa ili jicho lione vizuri. Picha zilikuwa nne, za sehemu ileile, zimepigwa moja baada ya nyingine na darubini kubwa ya nchi ya mbali, na kazi ya wanafunzi wake ni kuzipitisha mbele ya macho haraka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha kuanza upya.

"Usitafute," akasema. "Tazama tu."

Akaanza. Moja, mbili, tatu, nne. Madoa yote yalisimama. Moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa karibu kusema sioni kitu, ndipo pale chini kushoto doa moja, dogo kuliko yote, likapiga hatua.

Likapiga nyingine. Na nyingine. Halafu picha zikaanza upya, likarudi mahali pake, likaondoka tena.

Sijui nikueleze vipi. Umewahi kuingia msikiti uliojaa watu, wote wamesujudu, halafu ukaona mmoja tu anatembea katikati yao, taratibu, bila kumkanyaga mtu? Ilikuwa vile. Halikuwa na haraka. Nilisikia baridi kuanzia shingoni mpaka kwenye soksi.

"Hilo ni asteroidi," Mwalimu akasema, sauti ya chini. "Linajulikana tangu zamani, lina namba yake. Kati ya sayari ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe kama hayo, na hili liko upande wa ndani, upande wetu."

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia mawili tu: upande wetu.

Nikafumba macho. Doa likaendelea kutembea ndani ya kope. Nikasimama, nikasema, "Asante, Mwalimu, nimeona," na miguu ikanichukua. Nilishuka kile kilima kwa muda ambao hata maji yangeniuliza ninakimbilia wapi. Nilikuwa nimefika chini kabisa nilipokumbuka kwamba soda nimeiacha, na swali nimeliacha pia. Swali moja, nililokwenda kwa ajili yake peke yake. Nikatazama juu kilimani. Nikakaa chini ya mti mpaka adhuhuri ikapita, nikiibembeleza miguu ipande tena, ikakataa.

Saa nane mchana, njia ya kurudi. Nilitembea. Kila kitu kilikuwa madoa: mafuta kwenye lami, matundu ya mabati, watu wa mbali waliosimama kwenye vituo. Kila nilipotazama umati nilimtafuta yule mmoja anayetembea, na nikagundua kwamba ni mimi.

Karibu na ghala nikaiona spana yangu. Iko palepale juu ya ukuta. Kampala hii, spana nzima, mahali pa wazi, tangu asubuhi, na hakuna aliyeichukua. Jua lilikuwa linachoma, lakini nilipoishika ilikuwa ya baridi. Sijapata maelezo ya hilo hadi leo na sijayaomba.

Saa kumi na moja jioni, Kisenyi. Lori lilikuwa limekwisha kuja. Magodoro juu, sufuria juu, mjomba amesimama nyuma anafunga kamba. Hajjati alikuwa amekaa mezani ndani ya gereji, mikono juu ya mbao, kama abiria ambaye hajui anapelekwa wapi. Watu wa rejeta na wa springi walijaa mlangoni.

"Umeliona?" mjomba akauliza.

"Nimeliona, mjomba. Linatembea."

Watu wakanong'ona. Mjomba akavuta kamba, akapiga fundo lingine.

"Sikukutuma uone," Hajjati akasema. "Nilikutuma uulize. Amesemaje?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, nilikuwa nimeyatengeneza njia nzima. Nikamtazama yale macho yake. "Sikuuliza, Hajjati. Niliogopa nikakimbia."

Mtu wa springi akacheka, akaacha.

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Simu tena?" mjomba akasema.

"Piga," Hajjati akasema.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka simu mezani.

"Ulikimbia ukaacha soda," Mwalimu Akello akasema. "Nimeinywa."

"Mwalimu, niko na wazee hapa. Wanataka kujua kama jiwe linavutwa na vyuma vyetu. Linakuja au haliji?"

Mwalimu akauliza kwanza, "Ile sumaku yenu uliyokuwa unatusimulia darasani bado mnayo?"

"Tunayo."

"Weka nati mezani. Chukua sumaku, simama mlangoni. Nani yuko mezani?"

"Ni mimi, mwanangu," Hajjati akasema. "Kutoka hapa hadi mlangoni ni hatua kumi na moja."

"Sikiliza nati, mama. Swaibu, njoo hatua moja moja."

Nikapiga hatua. Nikasimama. Gereji nzima ilikuwa kimya, hata lori lilizimwa.

"Umesikia kitu, mama?"

"Sijasikia."

Hatua ya tano. "Sijasikia." Ya tisa. "Hakuna." Mjomba alikuwa ameacha kufunga, kamba iko mkononi. Hatua ya kumi na moja nikafika mezani, nikashusha sumaku polepole. Shibiri moja, hakuna kitu. Nusu shibiri, hakuna. Vidole viwili: tak.

Hajjati alishtuka, ingawa ndilo alilokuwa analisubiri. "Hapo," akasema. "Vidole viwili."

"Na hiyo ni sumaku," sauti ya Mwalimu ikasema kutoka mezani. "Injini zenu si sumaku hata kidogo. Sasa nisikilizeni wote. Ni jiwe dogo, la kawaida. Lingekuwa hapa chini, mtu angelizunguka kwa miguu kwa siku moja. Linazunguka jua huko ng'ambo ya Mirihi. Lilikuwa linazunguka hivyo kabla Kisenyi haijawa na nyumba hata moja, na litazunguka hivyo siku ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayekuwepo. Halijui kwamba mpo. Haliji."

Mjomba akarudi kwenye lori, akaanza kufungua fundo alilolifunga mwisho.