Afande Aliyetusuka Nywele

Mwezi uliopita nilipita Makongeni, Thika, nikakuta ploti yetu imebomolewa. Pale palipokuwa na vyumba vyetu vya mabati na mfereji mmoja wa maji wa wote, sasa kuna shimo la msingi, na mafundi wanafunga vyuma vya ghorofa. Nilisimama ng'ambo ya barabara na muhindi choma mkononi, nikijaribu kukisia mlango wetu ulikuwa wapi. Nilishindwa. Kisha upepo ukageuka ukaleta harufu ya mananasi yanayopikwa kiwandani, na papo hapo nikawa mtoto tena, nimekaa chini kati ya magoti ya mtu, kichwa nimeinamisha, nasukwa nywele.

Mtu huyo alikuwa mwanajeshi. Usicheke, nakueleza.

Mama yake alikuwa msusi, mjane aliyefanyia kazi langoni pa ploti chini ya mwavuli mkubwa. Sisi watoto tulimwita Mama Msusi. Kijana huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee, na alikulia hapo langoni akimshikia mama vitana na kumtenganishia nywele za wateja. Alipoingia jeshini, vidole vyake vilikuwa vimeshajua kazi nyingine. Sisi tulimwita Afande.

Akija likizo, Jumapili baada ya kanisa alivua shati la kutokea, akaweka kigoda mlangoni na kuita, "Leteni vichwa!" Wasichana wote wa ploti tulikuja mbio na mafuta yetu ya nywele. Mama yake alisuka kwa nguvu mpaka macho yanavutika. Yeye alisuka polepole, na pale palipouma alipuliza. Ndani, mama yake alikuwa akikaanga chapati, na tulijua kila kichwa kilichomalizika kingepata nusu.

Wanaume walimtania. Jirani yetu mzee, mlinzi wa kiwandani, alimwuliza siku moja, "Sasa wewe ukifika vitani, utawasuka maadui?"

"Mzee, nikiweza kuwafanya watulie kama hawa watoto," Afande akajibu bila kuinua macho, "vita vitaisha siku hiyo hiyo."

Likizo yake ya mwisho alituletea biskuti za jeshi, ngumu kama kigae. Shosho, nyanya yangu aliyekuwa amebakiwa na meno machache, alizichovya kwenye chai akasema serikali inataka kummaliza. Afande alicheka mpaka akapoteza mstari aliokuwa akisuka kichwani mwangu. Kisha akatuambia anaenda Somalia.

"Ni mbali?" nikamwuliza.

"Si mbali. Unapita Garissa, unaendelea tu. Krismasi mtaniona."

Hatukumwona. Siku moja tulirudi kutoka shule tukakuta wamama wote wameketi nje, na hakuna jiko hata moja lililowashwa. Ndani ya chumba cha Mama Msusi kulikuwa na wanajeshi wawili waliovua kofia. Shosho alinivuta pembeni.

"Afande wetu hatarudi," akasema.

"Amenyimwa likizo?"

Shosho alinivua mkoba wa shule mgongoni. Akanikumbatia, nami nikaelewa.

Tulimzika Murera, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake. Wenzake walikunja bendera wakampa mama yake, wakapiga risasi hewani, na sisi watoto tukajificha kwenye sketi za mama zetu. Shosho hakutazama bunduki. Alikuwa akimtazama msichana wa sweta ya buluu aliyesimama peke yake kwenye ua, analia. "Yule analia kama mtu wa nyumbani," akamnong'onezea mama yangu, "na hakuna mtu amemshika." Alijaribu kumfikia, lakini watu walianza kutawanyika na msichana akapotea kati yao.

Baada ya hapo Mama Msusi hakusuka tena. Mwavuli ulikunjwa ukaegemezwa ukutani. Wateja walikuja, akawaambia tu, "Mikono inakataa." Shosho alimpelekea githeri ya mahindi na maharagwe kila jioni, na mara nyingi bakuli lilirudi lilivyoenda. Mama yangu alimwuliza kwa nini hachoki. "Mwenye kilio usimwambie anyamaze," Shosho akasema. "Mwambie ale."

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, tulikuwa mferejini tukiosha vyombo Jumamosi moja alipoingia dada mmoja, amefunga mtoto mchanga mgongoni. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope na nywele zake zilikuwa hazijaguswa kwa muda mrefu. Aliulizia kwa Mama Msusi. Tukamwonyesha mlango, kisha, kama watoto wote, tukaacha vyombo tukasikiliza.

"Mama, mimi natoka Ruiru. Huyu ni mtoto wa kijana wako."

Mama Msusi alishika kitasa cha mlango. "Mtoto wangu hakuwa ananificha kitu."

"Alitaka kukuambia mwenyewe. Krismasi." Dada akamfungua mtoto. "Sijakuja kuomba chochote, mama. Nimekuja umwone. Nimempa jina lako."

Kwetu, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Afande angekuwa hai, angemwita binti yake huyo "mama". Mama Msusi alijua hivyo kuliko sisi sote. Aliufunga mlango.

Dada alibaki amesimama kwenye mvua nyepesi, mtoto mikononi. Ndipo Shosho alipotoka chumbani kwetu, akamwangalia usoni, akapiga makofi mara moja. "Ngai! Si ni wewe wa pale kwenye ua? Ingia, msichana wangu. Ingia unywe uji."

Akaingia. Shosho akambeba mtoto, mama yangu akammiminia dada uji wa wimbi kikombe kikubwa. Hakuna aliyemwuliza swali. Alikuwa hajamaliza kunywa mlango uliposukumwa. Mama Msusi alikuwa na kigoda mkono mmoja na kitana mkono wa pili.

"Kaa hapa," akamwambia dada. "Huwezi kutembea Thika na kichwa kama hicho, watu waseme ni mimi nilikuachilia hivyo."

Dada akakaa chini. Mama Msusi akazitenganisha nywele zake. Mstari wa kwanza ulienda upande, akaufumua, akaanza tena.

"Alikuambia nini juu yangu?" akauliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Alisema unasuka vibaya. Yaani, unavuta."

Mama Msusi akacheka. Kicheko kilimtoka na machozi pamoja, na Shosho akamwekea mtoto mapajani. Wiki iliyofuata mwavuli ulirudi langoni.

Miaka ikapita. Dada aliposwa na seremala mpole wa huko Ruiru, na kabla hajamjibu alikuja Makongeni na hofu yake yote. Mama Msusi alimkatiza. "Wewe ni msichana wangu. Msichana akiolewa hafukuzwi kwao." Siku ya harusi aliketi upande wa wazazi wa bibi harusi, na seremala alimsalimia kwa mikono miwili.

Shosho hayuko tena. Ploti haiko. Mama Msusi anaishi Murera na kuku wake. Siku ile, baada ya kumaliza muhindi wangu, sikurudi nyumbani. Nilienda Ruiru. Yule mtoto sasa ni msichana mrefu kuliko mimi. Alinitengenezea chai, akakaa karibu nami, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Hakuuliza baba yake alikufaje.

"Auntie, asubuhi alikuwa mtu wa kuamka kimya?"

"Kimya? Alikuwa anaimba pale mferejini kabla jogoo hajaamka! Wimbo wa kanisa, na hakuwa na sauti hata kidogo. Ploti nzima ilikuwa inamtukana kupitia dirishani."

Akaruka kutoka kitini. "Mum!" akaita jikoni. "Si nilikuambia? Si makosa yangu!"

Mama yake akatokea na mwiko mkononi, akanitazama, akatikisa kichwa. "Huyu? Majirani wameshachoka. Kila asubuhi."

Na msichana, bila aibu yoyote, akafungua mdomo akaimba, sauti ikienda kombo kwa furaha, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka.