Bi Mdogo Yumo Kwenye Mtandao Wetu

Jamani, leo nimegundua mume wangu kaleta Bi Mdogo ndani ya nyumba.

Seif ni fundi kompyuta. Kaiacha yake wazi mezani, na ile programu inayoonesha kila chombo kilichounganishwa na intaneti yetu, jina lake na aina yake. Simu, printa, kompyuta.

Katikati pale nikasoma: Bi Mdogo.

Nikaingia jikoni, nikatoka na mchi.

"Seif, Bi Mdogo nani?"

"Aa, ushamuona? Yuko juu. Nlimleta jana ulipokwenda Mtoni kwa mama."

Hata haya hana. Nikapanda ngazi na mchi mkononi.

Juu ya kabati, kijisanduku chenye antena mbili. Kuta zetu za Mji Mkongwe nene, intaneti haipenyi, basi hicho ndicho kinachoisambaza vyumbani. Kile kikubwa cha chini, kinachopokea intaneti, eti kakiita Bi Mkubwa.

Nikacheka mwenyewe. Nikarudi kuitafuta kompyuta yangu kwenye programu.

Visanduku vina majina na heshima zao. Yangu mimi, miaka yote humu ndani, imeandikwa: "Aina haijulikani."

Leo Seif atapikiwa na Bi Mdogo.

Nambieni kama nimekosea.