Tulipovuna Maharagwe ya Jirani

Jirani yetu kijijini Kanyakine, mjane, alikuwa hajamsalimia mama kwa miaka miwili. Mbuzi wetu alikuwa ameingia shambani mwake akala kabichi. Mama alikwenda kuomba radhi, lakini yule mjane akaeneza kanisani kwamba tulimfungulia makusudi. Tangu hapo, Jumapili yeye na mama walikaa kwenye mabenchi tofauti.

Msimu mmoja wa kuvuna maharagwe, jirani aliteleza akichota maji mtoni akavunjika mguu. Watoto wake walikuwa kazini mbali, na maharagwe yake yalikuwa yamekauka kama yetu. Asubuhi moja mawingu mazito yakashuka kutoka mlimani. Mimi na dada yangu tukabeba magunia kuelekea shambani kwetu. Mama akatuita, akasema tunaanzia kwa jirani.

Nilikasirika. Nikamuuliza kama alikuwa amesahau tulivyochafuliwa jina.

"Sijasahau," akasema. "Lakini Mungu hakuniuliza kama nimesahau. Mguu wake umevunjika, wangu ni mzima. Twendeni."

Tuling'oa maharagwe siku nzima. Jirani alitutazama kutoka mlangoni, mguu ukiwa kwenye plasta. Mvua ilianza tukiingiza gunia lake la mwisho ghalani. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na ilipokatika, nusu ya maharagwe yetu ilikuwa imeota ndani ya maganda. Nilitaka kulia. Mama aliyashika, akasema tutayala haya kwanza, yaliyobaki ni ya Mungu kutulindia.

Tulikuwa tumeinama shambani kuyachambua tuliposikia sauti za watu. Jirani alikuwa anakuja kwa magongo, nyuma yake akina mama wa kanisa aliokuwa amewatumia habari, kila mmoja na kikapu. Wakaingia shambani bila kuombwa. Jirani akakalia gunia, akawa anachambua na kuwakemea wanaoacha maganda chini.

Baadaye akasimama, akamwambia mama mbele ya wote, "Ile kamba ya mbuzi niliiona. Ilikuwa imekatika. Nilijua, na bado nikakusingizia. Nisamehe."

Mama alimkumbatia kwa nguvu, wakasahau magongo, wakaanguka wote wawili juu ya lundo la maharagwe. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilicheka mpaka nikaishiwa pumzi, maana sikuwa nimewahi kumwona mama akicheka vile, matope yamemjaa hadi kwenye nywele.