Picha Ambayo Haikukaziwa

Siku yangu ya kwanza kazini chuoni, hapa Lubumbashi, mkuu wa idara ya upigaji picha alinipokea akiwa amevaa tai na ndala. Viatu alikuwa akivitunza hadi nchi itulie.

"Hapa hatufundishake kufinya bouton ya kamera," aliniambia. "Ile hata photographe wa mu mji anajua. Siye tunauliza: photo ni nini?"

Jibu lake nililibeba maisha yangu yote. Mwanga uliogusa shavu la mtu ndio huohuo ulioingia kwenye lenzi ukagusa filamu. Kwa hiyo picha ni alama ya mtu, kama unyayo kwenye tope, na unyayo hautembei. Ninyi wa simu mtacheka, lakini kwa nadharia hiyo tuliwanyima watu usingizi.

Miaka ile mji ulikuwa unabomoka. Maduka yalivunjwa mchana kweupe, na majirani walipakiwa kwenye treni kwa sababu ya mahali walikozaliwa babu zao. Maabara yetu ilibaki na karatasi na dawa ya kutokeza sura. Dawa ya kukazia ilikwisha, na bila hiyo karatasi huendelea kula mwanga hadi iwe nyeusi tii. Basi wanafunzi walipigana picha, wakazitazama chini ya taa nyekundu, kisha kila mmoja akaifunga yake ndani ya bahasha nyeusi, akingoja dawa. Mkuu alifurahi kweli. Picha inayouawa na kutazamwa, alisema, ni somo la mwaka mzima.

Kalenga, mwanafunzi wangu mpole, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyekuja kutoka mkoa mwingine, alimpelekea mama yake bahasha yake, akamwonya asiifungue kwenye mwanga. Muda si mrefu fujo zikaingia chuoni. Wanafunzi walikimbia mabweni, maabara ikaporwa, na filamu zetu tulizikuta zimekanyagwa sakafuni. Wengine walirudi mmoja mmoja. Kalenga hakurudi.

Nilipomtembelea mama yake, bahasha ilikuwa chini ya sanamu ya Bikira Maria. Alinong'ona kama mtu mwenye mgonjwa chumbani.

"Kila siku ya Mungu, Jumapili nikitoka misa, naangaria kidogo tu. Mwalimu, mutoto iko naota ndevu."

Nilimweleza kuwa kidevuni ni kivuli, karatasi inaungua polepole. Aliitikia kwa adabu. Mwaka uliofuata akaniambia mwanawe amekonda, kisha kwamba ameanza kutazama pembeni. Mimi mwenye nadharia yangu nilitoka pale nywele zimenisimama, maana na mimi nilikuwa nimeitazama, nikaona vilevile.

Nilipopandishwa cheo kuwa chef de travaux, ngazi iliyo chini ya profesa, mkuu mpya wa idara, mtu wa amri, alipata dawa ya kukazia kutoka Zambia. Nilijaza chupa moja, nikaenda nayo mbio hadi kwa Mama Kalenga. Sura ilikuwa bado inaonekana, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Nikamwambia leo hii tunaweza kumwokoa.

Akaisukuma chupa kando.

"Photo ya kukazwa, tunaitiaka mu cadre, tunaiweka mbele ya bantu ku kilio. Unataka nimulilie? Mutoto yangu hayakufa. Huyu bado iko natembea. Ukimukaza, atabakia mule."

Kilioni ndivyo tunavyofanya kweli: fremu mbele, maua, na wafiwa wakiitazama. Nilirudi na chupa yangu, nimekasirika na nimeogopa.

Nimefundisha chini ya wakuu wengi, nikawa profesa, mwisho nikastaafu kwa hotuba na soda ya moto. Siku hiyohiyo Mama Kalenga alituma mtu kuniita. Nilimkuta amezeeka sana, mlango umefunguliwa wazi. Karatasi ilikuwa mezani, juani, nyeusi kutoka pembe hadi pembe.

"Angaria muzuri, Prof. Mule muko mutu?"

"Hapana, mama. Hamna mtu."

"Eee, njo vile." Alitabasamu kama msichana. "Ametoka. Sasa iko mu njia."

Alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na sahani zilikuwa tatu. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimewaambia vijana kwamba unyayo hautembei, na siku ile ningeweza kumwambia na yeye. Nilitazama kiti kilichoelekea mlangoni, kilichokuwa karibu nami, sahani ya tatu mbele yake.

Nikazunguka meza, nikaketi kwenye kingine.