Kumfuata Aneth Ukumbini

Baba aliniagiza kwa kifupi: "Nenda Dar ukamrudishe mdogo wako." Aneth alikuwa ameacha masomo ya uhasibu na kuingia kwenye maigizo, na kwa baba huo ulikuwa upuuzi mtupu. Mimi ndiye kaka mkubwa, nikakata tiketi.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Moshi. Jioni nilikuwa Kariakoo kwa shangazi yetu, mjane muuza vitenge, ambaye hata chumbani huongea kama anaita wateja. Aneth anaishi kwake. Nilimkuta ameshafunga begi.

"Shikamoo kaka. Nitaondoka na wewe," alisema, "ila kesho uje unione kwanza."

"Marahaba. Nitakuja, lakini safari iko palepale."

Kesho yake, saa tisa alasiri, mimi na shangazi tulitembea kupitia Mnazi Mmoja hadi katikati ya mji, kwenye ukumbi wa zamani wa maonyesho. Viti vya mbao vilinibana magoti na feni moja iligoma kabisa, lakini nilipotazama lile dari la juu nilivua kofia bila kuambiwa. Pazuri, acha niseme ukweli.

Aneth aliigiza mjane anayefukuzwa na mashemeji. Masufuria yalitupwa nje, na hakuna jirani aliyethubutu kumtetea. Ghafla kiti cha pembeni yangu kikalia. Shangazi, aliyewahi kufanyiwa hayohayo na ndugu wa mumewe, alikuwa ameshapanda jukwaani, anamfunika Aneth khanga mabegani kama tunavyowafanyia wafiwa.

"Huyu ana watu wake!" aliwafokea mashemeji. "Mnamtoa aende wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Waigizaji waliduwaa, isipokuwa Aneth. Alivuta kigoda taratibu, akamkalisha.

"Kaa hapa, mama. Uwe shahidi wangu."

Kisha akawageukia mashemeji na kuendelea, na shangazi akakaa hapohapo hadi mwisho, akiitikia kila neno. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, wala sikuona aibu.

Nje, Aneth aliuliza kwa sauti ndogo, "Basi letu ni saa ngapi?"

"Langu ni alfajiri. Wewe kafungue begi."

Njia nzima ya kurudi nilijilaumu kwa kubeba hukumu ya kitu nisichowahi kukiona. Moshi, baba alikuwa stendi, akichungulia mlango wa basi nyuma yangu.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Yuko kazini, baba."